Tangi la matumbawe kwa hela ndogo: lita 96 za Dar dhidi ya lita 40 za Arusha

Tangi langu liko sebuleni Tabata, Dar, lita 96, kazi ya fundi vioo wa mtaani. La shemeji yangu liko Njiro, Arusha, lita 40, lilinunuliwa likiwa tayari na taa na chujio lake. Yote mawili ni ya maji chumvi, yana matumbawe laini, konokono na samaki wawili wawili. Tulianza mwaka mmoja, na kila tukikutana msibani au harusini ubishi ni uleule: nani katumia hela kidogo? Mwezi wa kwanza alinishinda kwa mbali. Leo mambo yamegeuka, ila si kwa kila kipengele, na hapo ndipo pana faida kwa mtu anayetaka kuanza.

Niliposoma miongozo ya mtandaoni, karibu yote ilikuwa ya watu wa nchi za baridi. Kifaa cha kwanza kwenye orodha zao ni hita. Nikanunua. Mpaka leo iko kabatini, haijawahi kuguswa na maji. Dar adui ni joto. Arusha hita hiyohiyo ndiyo inayowaweka samaki wa shemeji hai mwezi wa Julai. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tangi gani, uliza unaishi wapi. Mahali ulipo ndipo panapoamua ukubwa wa tangi, aina ya maji, na bili ya umeme wa LUKU.

Maji: dumu la bahari au paketi ya chumvi

Mimi natumia maji ya bahari. Kuna mvuvi wa Kunduchi ananijazia madumu manne ya lita 20 akiwa nje huko, mbali na pwani, nampa hela ya mafuta kidogo. Masharti yangu kwake ni mawili. Kwanza, asichote karibu na ufuko, hasa masika, kwa sababu mito inamwaga tope, mbolea na maji taka, na chumvi ya bahari karibu na pwani inashuka. Pili, dumu liwe halijawahi kubeba mafuta ya taa wala sabuni. Lililobeba mafuta ya kula nalo mimi silipendi. Utando unabaki hata ukilisugua mpaka vidole viume.

Nyumbani nayachuja kwa kipande cha kanga kuukuu iliyosuuzwa kwa maji matupu, nayaweka kwenye pipa lenye mfuniko, gizani, na pampu ndogo ya hewa, wiki mbili. Vile viumbe vidogo vya baharini hufa humo, vinaoza na kumalizika pipani badala ya kuozea kwenye tangi. Nikiyachota naacha ya chini, kina cha vidole vitano hivi, maana kuna tope laini kama ya chai. Kisha napima kwa refraktometa, kifaa cha kusoma kiwango cha chumvi. Natafuta 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Nikikuta 32, nangoja mvua ziishe.

Shemeji hana bahari. Ananunua chumvi maalumu ya matangi, gramu 37 hivi kwa lita, na kuikoroga ndoo nzima siku moja kwa pampu. Mara ya kwanza alimimina chumvi yote kwenye ndoo ndipo akaongeza maji. Ikatoka ndoo ya maziwa: kalsiamu ilikuwa imeganda na kuwa unga mweupe ambao haukuyeyuka tena. Nikamwambia kwa simu, "Shem, hii ni kama ugali. Maji kwanza, unga baadaye." Hajarudia.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama chumvi ya Bagamoyo au Lindi inafaa, kwa vile nayo imetoka baharini. Haifai. Kwenye mashamba ya chumvi maji yanapokauka, sehemu kubwa ya kalsiamu hutangulia kuganda kama jasi kabla ya chumvi yenyewe, na magnesi hubaki kwenye yale maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Unachopeleka jikoni ni chumvi karibu tupu, tena iliyoongezwa madini joto. Samaki wanaweza kuvumilia kwa muda. Tumbawe linalojenga mwili wake kwa kalsiamu litakaa tu kama mjenzi asiye na saruji.

Mpaka hapa mimi ninaongoza: maji yangu ni karibu ya bure. Ila yake ni safi na yanafanana kila wiki, na ikinyesha wala hana wasiwasi.

Maji ya kuongezea, ambayo watu huyasahau

Maji yakipaa kwenye tangi, chumvi haipai nayo. Inabaki. Kwa hiyo kila siku unaongeza maji baridi, yasiyo na chumvi, kufikia alama uliyochora kwenye kioo. Na kila kilichomo ndani ya maji hayo, kama si maji yenyewe, nacho kinabaki.

Piga hesabu. Tangi langu, ukitoa mawe na mchanga, lina maji lita 80 hivi. Kwa sababu ya feni, linapoteza lita mbili na nusu kwa siku. Baada ya siku 32 nimeshaongeza tangi zima. Ningekuwa naongeza maji ya kisima cha mtaani, ambayo Dar visima vingi vina chumvichumvi na nitrati ya vyoo vya shimo, ndani ya miezi mitatu ningekuwa nafuga mwani mtupu. Shemeji anapoteza nusu lita tu kwa siku, ila maji ya maeneo ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, ile inayochafua meno ya watoto. Wote wawili tumeishia kwenye maji yaliyopita kwenye mtambo wa RO, ule unaosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi na madini. Yeye kafunga mtambo mdogo jikoni. Mimi nanunua dumu kwa jirani anayeuza maji ya RO. Hapa yeye ananipita, sina ubishi.

Usiingie mtego wa maji ya AC. Yanaonekana safi kama chozi, lakini yametiririka juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo tu inaua kamba na konokono. Ya mvua yaliyopita kwenye bati nayo hubeba zinki. Niliambiwa yote mawili ni "maji ya bure" na mtu mmoja, tena kwa nia njema kabisa.

Joto na umeme

Kabla ya tangi hili nilikuwa na la lita 40 kama la shemeji. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Ilikuwa Februari, kaskazi limepoa, umeme ukakatika saa nane mchana. Ndani nilikuwa na Xenia, tumbawe laini lenye mikono inayofumba na kufumbua muda wote kama kiganja cha mtoto mchanga anayeota. Saa kumi kipimajoto kilisoma 30.8. Saa kumi na mbili 31.9. Nikaona mikono inafumba taratibu zaidi, kisha michache tu, kisha hakuna. Nilichovya chupa za barafu, joto likashuka haraka mno, nadhani hilo nalo lilikuwa pigo. Umeme ulirudi saa tano usiku. Asubuhi Xenia yote ilikuwa kamasi ya kijivu juu ya jiwe, na chumba kinanuka soko la samaki jioni. Kufikia mchana amonia, sumu inayotoka kwenye vitu vinavyooza, ilipanda na samaki mmoja akawa anahema juu ya maji. Lita 40 hazina nafasi ya kumeza maiti moja.

Matumbawe hata baharini yanaishi ukingoni. Nyuzi moja tu juu ya kiwango chao cha kawaida cha kiangazi, kwa wiki kadhaa, na yanapauka. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya miamba ya pwani yetu ilikufa hivyo. Kwenye tangi lengo ni kati ya 25 na 27. Sebule ya Dar mwezi wa pili inafika 31 bila shida.

Tiba ya bei nafuu ni feni. Feni mbili ndogo za kompyuta, zimelala ukingoni, zinapuliza juu ya maji. Mvuke unapotoka unachukua joto, na kwangu zinashusha nyuzi mbili mpaka tatu. Masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, zinashusha moja na nusu. Zote mbili ni wati 5: uniti 3.6 kwa mwezi. Mashine halisi ya kupozea maji ya tangi kama hili ni wati 100 na zaidi. Ikifanya kazi nusu siku ni uniti 36. Kama uko tarifu ya D1 ya TANESCO, ile ya nyumba zinazotumia umeme kidogo, ambayo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, mashine hiyo peke yake imekula karibu nusu, na ukivuka kikomo unalipa bei nyingine kabisa. Ukijumlisha mashine hiyo, neno bajeti halipo tena.

Arusha ni kinyume. Hita ya wati 50, usiku wa Julai, inawaka saa kumi hivi kwa jumla: nusu uniti kwa usiku, uniti 15 kwa mwezi. Ni zaidi ya feni zangu, ila ni miezi mitatu minne tu kwa mwaka. Tena hita ni kifaa kinachojizima chenyewe. Kwa joto lisiloyumba shemeji kanishinda waziwazi, na asingenishinda kama angekuwa na lita 40 hizo hapa Tabata.

Kukatika kwa umeme ni kwa wote. Sisi tumefanya kitu kimoja: pampu ya kuzungusha maji inayotumia volti 12, imeunganishwa na betri ya pikipiki ya 7Ah. Betri hiyo ina wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili usiiue, pampu ya wati 5 inazunguka saa nane. Maji yakizunguka hewa inaingia, na samaki wanafika asubuhi. Taa ikizimwa siku nzima hakuna tumbawe litakalokufa. Maji yakisimama usiku mmoja, wakazi wanaweza kufa.

Tukiyaweka pamoja

| | Dar, lita 96 | Arusha, lita 40 |
|---|---|---|
| Maji halisi ndani | lita 80 hivi | lita 33 hivi |
| Kubadilisha kwa wiki (10%) | lita 8, za bahari | lita 3.3, za kukoroga |
| Chumvi kwa mwaka | hakuna (ingekuwa kilo 15) | kilo 6 na kitu |
| Maji ya kuongeza | lita 2.5 kwa siku | nusu lita kwa siku |
| Umeme wa joto | uniti 3.6 kwa mwezi | uniti 15, miezi ya baridi |
| Uzito likijaa | kilo 130 na zaidi | kilo 50 hivi |

Mstari wa chumvi ndio unaosema kwa nini yeye alifanya vizuri kuchukua dogo na mimi nilifanya vibaya kuanza na dogo. Bara unalipia kila lita, basi lita chache ni akiba. Pwani lita hazina bei, na wingi wa maji ndio unaokukinga na joto na makosa yako mwenyewe.

Kioo

Langu ni sentimita 60 kwa 40 kwa 40, kioo cha milimita 8. Fundi aliniuliza, "Bosi, niweke ile ya bafuni? Ndiyo inashika." Nikamshika mkono. Silikoni nyingi za bafuni zina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huvuja kwenye maji. Mwambie aweke ya kioo, isiyo na dawa, ile inayonuka siki ikiwa inakauka. Iache wiki nzima. Kisha lijaze maji ya bomba nje, uwanjani, lilale humo siku mbili. Langu lilivuja kona moja usiku wa kwanza. Bora uloe uwanja kuliko zulia la mke wangu.

Meza nayo ihesabu. Kilo 130 si kabati la TV. Mbao nene, miguu sita, na iwe sawasawa kabisa.

La shemeji lina uzuri wake: linaonekana kama kitu cha dukani, halina waya zinazoning'inia, na mkewe, dada yangu, hakununa. Ila chujio lake likiharibika anategemea kifaa cha umbo lile lile tu. Langu likiharibika pampu, naweka yoyote.

Mawe

Mawe ndiyo chujio halisi; bakteria wanaokula amonia huishi kwenye vitundu vyake. Kilo moja kwa kila lita nane au kumi inatosha.

Watu wa pwani wana kishawishi: si bahari iko hapo? Usichukue jiwe hai. Ndani ya hifadhi kama Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni kosa, na matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Tena jiwe hai linakuja na wageni: minyoo, kamba wa kupiga ngumi, na yale maua madogo ya kahawia yanayochoma kila kitu na kuzaana yakikatwa.

Mimi nilitumia mawe ya chokaa ya matumbawe ya kale, yaleyale yaliyojengewa nyumba za Mji Mkongwe. Huko nchi kavu yanachimbwa kama kokoto. Chagua yenye matundu na mepesi. Dondoshea siki, yakitoa povu ni chokaa. Yasugue, yaloweke mwezi mzima ukibadilisha maji, kwa sababu udongo uliojificha ndani hutoa fosfati na fosfati huzaa mwani. Shemeji alinunua mawe makavu ya dukani, meupe, safi, akaokoa mwezi huo kwa hela. Kwa matokeo, baada ya nusu mwaka ukitazama picha huwezi kujua lipi la nani.

Kuamsha mawe makavu, yaani kuyajaza bakteria hao, kunachukua wiki nne mpaka sita. Nilitupia kamba mmoja mbichi wa soko la samaki la Feri, nikamwacha aoze. Amonia ikapanda, kisha nitriti ambayo bakteria huitoa kwenye amonia, kisha zote mbili zikarudi sifuri na nitrati ikabaki. Hapo tu ndipo wakazi wanaingia. Muuza duka mmoja aliniambia siku tatu zinatosha ukimwaga chupa yake ya dawa. Nilimwamini kwenye tangi la kwanza, na samaki wawili walilipa.

Wakazi

Kwa bajeti ndogo, matumbawe laini: Xenia, uyoga wa Discosoma, na yale ya ngozi, Sarcophyton. Taa ya LED ya wati 30, saa nane kwa siku, inayatosha. Matumbawe magumu ya matawi yanataka taa kali mara mbili tatu na kuongezewa kalsiamu na alkali kila siku. Hapo gharama inakimbia. Tafuta vipande kwa mwenye tangi, kwa sababu matumbawe laini yakistawi mwenyewe hukata na kutupa. Kuna moja la kuheshimu: Zoanthus na jamaa zake, vijiua vya rangi vinavyopendeza mno, baadhi vina sumu kali. Usiyachemshe wala kuyasugua kwa maji ya moto, na vaa glavu.

Samaki: lita 96 zinabeba jozi ya Amphiprion (clownfish) wadogo. Waliozaliwa kwenye matangi wana afya kuliko wa kuvuliwa. Lita 40 ziishie kwenye gobi wadogo wa chini, kama alivyofanya shemeji. Yule mweusi mwenye doa jeupe ubavuni, Dascyllus, ni rahisi kupatikana na anauzwa bei ya kutupa, na akikomaa anapiga kila mtu ndani ya nyumba.

Wewe je?

Mombasa, Tanga, Zanzibar, Mtwara: fuata langu. Nairobi au Mbeya: fuata la shemeji, ila kama mfuko unaruhusu panda mpaka lita 60. Bara penye joto ndipo pagumu, maana unanunua chumvi na bado unapambana na joto. Huko kwa kweli ningefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, na ningelala usingizi.

Juzi shemeji kapiga simu. Chumvi yake imeisha na duka halina. "Shem, nitumie madumu mawili ya bahari kwa basi." Nikamwambia dumu moja lina kilo 20 na nusu, na ndani yake chumvi ni gramu 700 tu, nyingine yote ni maji unayalipia nauli toka Dar. Akanyamaza kidogo. "Basi nitumie moja."